Barafu za Bi Akwilina

Kundi letu la wasapu lina watu wazima watupu. Wengi wetu ni bibi na babu wenye vidonge vya presha kwenye pochi, tuliosoma pamoja shule moja ya msingi Kilwa Masoko, na kazi yetu kubwa humo ni kutumiana dua za Ijumaa na kukumbushana utoto. Mwezi uliopita, tukiwa katika mipango ya kukutana, mtu mmoja akauliza nani anakumbuka vitu tulivyokuwa tunanunua getini. Simu yangu haikunyamaza mchana kutwa. Kashata za nazi. Mihogo ya kuchemsha na pilipili ya kusaga. Ubuyu uliotiwa rangi mpaka ulimi unabaki mwekundu siku mbili. Maembe mabichi na chumvi kwenye kipande cha gazeti. Nilikuwa nacheka peke yangu jikoni kwangu hapa Lindi, ungo wa mchele mapajani, mpaka alipoandika mwenzetu mmoja, leo mtu mzito mwenye maduka: “Na yule Mmakonde wa barafu aliyetulisha kipindupindu, mnamkumbuka?” Akaweka vikaragosi vinavyocheka mpaka machozi. Wenzake wakafuatia na vya kwao, kioo kizima kikajaa vicheko.

Niliweka ungo chini. Mimi ni nesi mstaafu. Nimewahi kumtoa daktari wodini kwangu kwa kumtukana mama aliyekuwa kwenye uchungu, na sikutetemeka. Lakini siku ile vidole vilinishinda kuandika maneno manne tu: yule mama hakufanya hivyo. Niliifunika simu kifudifudi mezani kama mtu anayemfunika maiti uso, nikakaa. Hasira niliyokuwa nayo haikuwa ya siku ile. Ilikuwa ya tangu niko darasa la tano.

Mwaka ule nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu Mwanaidi, na Bi Akwilina alikuwa amepanga chumba cha uani katika nyumba ile ile. Alitoka Newala, Mmakonde Mkristo katika mtaa wa Waislamu, mwanamke mrefu mwenye nembo zilizochanjwa mashavuni na kwenye paji la uso, mistari iliyopangika vizuri kama mshono. Watoto wapya walimwogopa siku mbili, ya tatu wakazoea, kwa sababu alikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho mtaani. Alikuwa na friji. Lilikuwa jeupe, linatumia mafuta ya taa, nalo alipewa na mapadri aliowapikia miaka mingi walipofunga nyumba yao na kuondoka. Bawaba moja ya mlango ilikuwa imekatika, naye alikuwa ameifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Chini kabisa, nyuma, kulikuwa na utambi unaowaka, na kila asubuhi Bi Akwilina alilala sakafuni, shavu kwenye saruji, kuutazama moto. “Ukiwa wa bluu, barafu zinaganda,” aliniambia. “Ukiwa wa njano, tunakula moshi.” Nililala naye pale chini, tukatazama pamoja. Mpaka leo sijawahi kuona kitu cha ajabu kuliko kile: moto unaotengeneza baridi.

Chumba chake kilinukia iliki na mafuta ya taa. Kitanda kilikuwa kimoja, rozari imening'inia kwenye msumari, masufuria yamepangwa kuanzia kubwa hadi dogo, na jiko la mkaa mlangoni ambalo halikupoa. Na hapa naomba nieleweke, maana ndilo jambo lenyewe. Yule mama alichemsha maji. Aliyachemsha mpaka yakatokota na kuruka, akayaacha, akayachuja kwa kitambaa cheupe, ndipo akatia ukwaju au ubuyu, au maziwa na iliki. Jikoni kwa mapadri ndivyo alivyofundishwa, hakujua njia nyingine. Msimu wa korosho alijaribu hata barafu za mabibo, zikatukaba koo, tukazinunua hivyo hivyo kwa ushujaa. Alizifunga kwenye vifuko vya nailoni, fundo dogo juu, nami nilimsaidia kufunga baada ya kunawa mikono mara mbili mbele yake. Mara moja hakukubali. Saa nne kasoro alizipanga kwenye deli, kasha lake la bati lililowekwa maranda ya mbao ndani ili zisiyeyuke, akajitwika, akaenda getini. Unang'ata pembe ya nailoni, unanyonya mpaka utamu unakwisha na kubaki donge jeupe lisilo na ladha, na hilo nalo unalitafuna.

Alasiri, akisharudi, yeye na shangazi walikaa uani wakichambua mboga, na mimi nilijifanya nasoma ili nisikie. Shangazi alikuwa na tabia ya kumchokoza.

“Akwilina, silimu basi tukuoze. Hapa Masoko wanaume wapo.”

“Mume wa nini, Mwanaidi? Friji tu nalipulizia utambi asubuhi na jioni. Nikiongeza mume nitapuliza vingapi?”

Shangazi alicheka mpaka akajifunika uso na kanga. Lakini siku nyingine nilimsikia akizungumza taratibu, akimwambia kwamba wapo wanawake wanaowakataza watoto wao barafu zake, eti mikono yake hawaijui. Bi Akwilina aliendelea kuchambua kisamvu. “Mikono yangu wanaijua,” alisema. “Uso wangu ndio hawautaki.”

Rafiki yangu mwaka ule alikuwa Siwema. Tulikaa dawati moja. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa hesabu, mwenye jino bovu la gego lililomnyima raha. Barafu hakula. Alijaribu mara moja tu, akalia getini mbele ya darasa zima, na tangu hapo mimi nilipokwenda kwa Bi Akwilina yeye alikwenda kwenye mihogo ya pilipili. Akishamaliza mihogo alikimbilia tangi la shule, akainamisha kichwa chini ya bomba, akanywa kama ng'ombe. Tangi lile lilikuwa la saruji, limejengwa chini ya mteremko, na juu ya mteremko kulikuwa na vyoo. Mvua za masika zilipoanza, maji yalibadilika. Mimi na Siwema tulikwenda wenyewe ofisini kusema. Tuliwaona walimu wengine nao wakiutazama ufa ubavuni mwa tangi na kutikisa vichwa. Mwalimu Mkuu, sitamtaja jina kwa kuwa wajukuu wake wapo na hawajafanya kosa, alituangalia juu ya miwani.

“Maji yananuka, mwalimu,” alisema Siwema.

“Nyie mnakunywa maji au mnakunywa harufu?”

Tulicheka. Naona aibu kusema, lakini tulicheka, tukatoka tukiwasimulia wenzetu jinsi Mwalimu Mkuu anavyojua kuchekesha.

Wiki iliyofuata watoto walianza kuanguka. Mmoja alitapika mstarini asubuhi, wawili darasani, halafu madawati yakawa wazi. Jumatano Siwema aliomba ruhusa mara tatu, mara ya nne hakuomba, alitoka tu. Nilimsindikiza mpaka kwao nyuma ya soko, nikamkabidhi kwa mama yake, Bi Fatu, aliyekuwa anakuna nazi. Ijumaa tuliambiwa tusije shule kwa kuwa kuna msiba. Nilipouliza msiba wa nani, shangazi alinivuta akanikumbatia, na hapo nikajua.

Mimi sikuugua. Nilikula barafu kila siku ya Mungu, na sikuumwa hata tumbo, kwa sababu maji nilikunywa chumbani kwa Bi Akwilina. Watoto wa darasa la kwanza, wateja wake wakubwa, walirudi kwao saa nne na wakanywa maji ya kwao, na waliougua kati yao walikuwa wachache. Nesi mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angeyaona hayo kwa nusu saa. Lakini hakuna aliyekuwa anatafuta kuona. Jumatatu baada ya mazishi niliitwa ofisini. Walikuwepo Mwalimu Mkuu, bwana afya na katibu kata, na karatasi mezani. Fimbo pia ilikuwa mezani, imelazwa tu, hakuna aliyeigusa.

“Wewe ulikuwa unakaa na marehemu,” alisema Mwalimu Mkuu. “Alikuwa anakula barafu?”

“Hapana, mwalimu. Alikuwa na jino.”

“Sikukuuliza habari za jino. Watoto wote wanakula barafu. Marehemu alikuwa mtoto?”

“Ndiyo.”

“Basi alikula barafu?”

Nilimtazama bwana afya. Alikuwa anatazama dirishani, kule kwenye tangi. Nina hakika alikuwa analitazama tangi, na mpaka leo yeye ndiye ninayemkasirikia kuliko wote, kwa kuwa alisomea.

“Nakuuliza mara ya mwisho,” Mwalimu Mkuu alisema, na akausogeza mkono wake kidogo tu, ukawa karibu na fimbo. “Alikula?”

Nikasema ndiyo. Katibu kata akaandika. Neno langu lile moja, la mtoto anayetaka kutoka chumbani, likawa ushahidi.

Mgambo walikuja alasiri ile ile, na nyuma yao umati. Waliokuja walikuwa watu ninaowajua. Wanawake waliowahi kuazima masufuria kwake, wazee ambao asubuhi niliwaamkia shikamoo nao wakaitikia marahaba. Deli lilitupwa uani, likapondwa kwa mchi wa kutwangia mpaka likawa kama karatasi, barafu zikatapakaa mchangani na kuku wakazigombania. Mtu mmoja alipiga kelele kwamba Wamakonde wanajua sumu. Bi Akwilina alisimama mlangoni mwake, mikono imelowa maji ya ukwaju, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemweleza mgeni njia, “Nachemsha. Njooni muone, sufuria bado iko motoni. Nachemsha.” Hakuna aliyekwenda kuona. Shangazi alijipenyeza akasimama mbele yake akiwa ametanua kanga, akawataja watu kwa majina mmoja mmoja, akawaambia waogope Mungu, na nadhani hilo ndilo lililomwokoa asipigwe. Friji walilibeba wanaume wanne. Katibu kata alisema ni kidhibiti, litahifadhiwa.

Usiku haukuingia kabla Bi Akwilina hajafunga mzigo. Mimi nilikuwa chini ya kitanda cha shangazi. Nilimsikia akiuliza, “Rukia yuko wapi nimuage?” na shangazi akijibu kwamba sijulikani nilipo. Nilikuwa hatua tatu kutoka miguuni pake. Niliona visigino vyake vikigeuka.

Likizo ilipofika walikuja mafundi wawili na kulibomoa tangi. Walijenga jingine mbali na vyoo, upande wa juu zaidi wa mteremko, na muhula ulipofunguliwa hakuna mwalimu aliyesema kwa nini. Watu wazima walipita pale, wakaona tangi jipya, wakaelewa, wakaenda zao sokoni. Mtu anayeelewa na kunyamaza ananitia uchungu kuliko aliyedanganywa. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kisha likaja la friji. Mwishoni mwa mwaka Mwalimu Mkuu alinituma nyumbani kwake nikachukue madaftari. Mkewe alinikaribisha sebuleni, akaniuliza kama nina kiu, akaenda kwenye kona na kufungua mlango wa friji jeupe. Bawaba ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Akanimiminia maji ya baridi kwenye glasi ya maua. Friji lililodaiwa kuua mtoto lilikuwa limejaa maziwa ya wanawe. Nilisema sina kiu. Nilibeba madaftari, nikatoka.

Nilimwona Bi Akwilina mara moja tena. Nilikuwa sekondari, hapa Lindi, nasubiri basi stendi na sanduku langu. Alikuwa anauza karanga za kuchemsha kwenye beseni, nywele zimekuwa nyeupe. Nilitamani ardhi inifunike, lakini aliniona kwanza.

“Rukia! Umekua, mwanangu. Mwanaidi hajambo?”

“Hajambo. Shikamoo.”

“Marahaba. Shika, utakula njiani.” Akanijazia karanga kwenye karatasi, akaongeza kiganja kimoja, akaongeza kingine. Alinitazama muda, na nadhani alikuwa ananipa nafasi. Nikasema asante. Nikapanda basi. Alikufa miaka michache baadaye, nilisikia kwa mtu aliyekuja kujifungua wodini kwetu, akazikwa na watu wa kanisani kwake.

Ndiyo maana nilikwenda Masoko kwenye ile sherehe ya kukutana. Shangazi aliniuliza kwenye simu kama nakwenda kula pilau au kugombana, nikamwambia yote mawili. Ukumbi ulipambwa vitambaa vya bluu na vyeupe, rangi za sare. Mwalimu Mkuu aliletwa kwa gari, mzee sana sasa, anashikwa mikono, akavishwa joho na kupigiwa vigelegele. Kisha mshereheshaji akatangaza kuna zawadi ya kutukumbusha utoto, wakaingia vijana na masinia ya ashkrimu za koni. “Kuleni bila wasiwasi,” alisema kwenye kipaza sauti, “hizi hazina kipindupindu!” Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu Mkuu naye alicheka, ashkrimu mkononi, tone likimdondokea kwenye joho.

Sijui nilifikaje mbele. Nakumbuka nilimwamkia kwanza, kwa kuwa nimelelewa. Akaitikia. Kisha nikachukua kipaza sauti.

“Siwema hakula barafu,” nilisema. “Alikuwa na jino bovu. Mimi ndiye niliyesema alikula, na wewe, mwalimu, ndiye uliyenisemesha. Mimi na yeye tulikuja kukwambia maji yananuka, ukatufanyia mzaha. Tangi ulilibomoa kimyakimya. Friji la yule mama ukaliweka sebuleni kwako. Nililiona.”

Mwenye maduka aliinamia sahani yake. Mwalimu Mkuu hakubisha, na hilo sikulitegemea. Alinifanyia ishara nisogee, akasema, na kipaza sauti kikayachukua maneno yake yote: “Mwanangu, wangeifunga shule. Nyie wote hapa mngekuwa wapi? Mtu lazima angebeba.”

“Na ukamchagua.”

“Hakuwa na mtu hapa,” alisema, kama anayenieleza hesabu rahisi.

Mshereheshaji alininyang'anya kipaza sauti, muziki ukawekwa. Dada mmoja alinishika bega akaninong'oneza kwamba leo ni siku ya furaha, Rukia, mambo ya zamani ya nini. Nilimwuliza mwanawe wa kwanza alikuwa na umri gani alipoanza darasa la tano, darasa ambalo Siwema hakulimaliza. Aliniachia bega.

Asubuhi yake nilikwenda nyuma ya soko. Bi Fatu, mama yake Siwema, bado anaishi nyumba ile ile, macho yamepungua nuru lakini akili timamu. Mjukuu wake alinitandikia mkeka, akaleta chai ya tangawizi na vitumbua. Nilimwambia yote, toka jino mpaka friji. Alisikiliza bila kunikatiza, akitembeza tasbihi vidoleni, na nilipofika kwenye neno lile la ofisini tasbihi ilisimama.

“Kila nikimaliza kuswali,” alisema, “nilikuwa namwombea mabaya yule mwanamke. Alfajiri mpaka isha. Miaka yote hii. Amekufa?”

“Amekufa, mama.”

“Alikuwa na watoto?”

“Hakuwa nao.”

Aliinamia tasbihi yake. Nje mtu alikuwa anapita akinadi samaki. Nilidhani analia, kumbe alikuwa anakusanya hasira yake na kuipima aielekeze wapi.

“Ulikuwa mtoto,” alisema mwisho. “Walikutisha. Hata Siwema wangu angesema ndiyo. Hilo nimekusamehe, na Mungu anisikie. Lakini ulikua, Rukia. Uliolewa huko Lindi, karibu tu, ukavaa nguo nyeupe, ukatibu watoto wa watu. Mimi nilikuwa hapa hapa, mlango wangu haujawahi kufungwa. Ulikuwa wapi?”

Kazi, watoto, umbali, yote yalipita kichwani na hakuna hata moja lililostahili kutamkwa mbele yake.

“Utoto nimekusamehe,” alirudia, akaanza upya kutembeza tasbihi. “Utu uzima wako, huo siusamehe.”

Akamwita mjukuu wake anisindikize barabarani.